Mbwa wetu ameanza kuuma watu wa nyumbani: tuanzie wapi?

Swali: Shikamoo daktari. Tuna mbwa dume anaitwa Bobi, chotara wa German Shepherd na mbwa wa kienyeji, ana miaka 3. Tunaishi Mbezi, Dar es Salaam. Mchana tunamfunga mnyororo nyuma ya nyumba, usiku tunamwachia azunguke uani. Wiki 5 zilizopita alimng'ata dada wa kazi mkononi alipokwenda kuchukua sufuria lake la chakula, akamwachia matundu mawili, damu ikatoka. Siku 4 zilizopita mtoto wa jirani aliingia kuchukua mpira, mnyororo ukakatika, Bobi akamrukia na kumchubua mguu kwa meno. Mara zote mbili mume wangu alimchapa, lakini naona anazidi, na siku hizi hata hangurumi, anaruka tu. Chanjo ya mwisho alipata akiwa na mwaka 1. Majirani wanasema auawe. Jamaa mmoja anayehasi mbuzi anasema tumhasi atatulia. Nina watoto wa miaka 4 na 9. Je, anaweza kubadilika? Na akibadilika, bado atatulinda?

Jibu: Marahaba mama. Nitajibu yote, lakini mguu wa mtoto wa jirani hauwezi kusubiri hata kesho. Mchubuko wowote wa meno ya mbwa ni sababu ya kwenda hospitali, na siku 4 bado hamjachelewa. Nendeni leo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Chanjo ikianza kabla ya dalili, inazuia. Kioshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, hata kama kilishaoshwa siku ile. Msipake mafuta ya taa, majivu, pilipili wala dawa ya meno. Tarehe za sindano zikishaandikwa kwenye kadi zifuatwe zote mpaka daktari mwenyewe aseme vinginevyo. Kidonda kukauka si sababu ya kuacha.

Ushauri wa kumuua Bobi sasa hivi unaweza kumdhuru mtoto huyo huyo mnayemwonea huruma. Mbwa ambaye mate yake yana virusi vya kichaa huugua na kufa ndani ya siku chache, ndiyo maana mbwa aliyeuma huwekwa chini ya uangalizi kwa siku 10. Siku ya 10 ikifika naye ni mzima, anakula, anakunywa na anatembea sawa, basi siku aliyouma mate yake hayakuwa na virusi, na daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Mkimuua na kumzika leo, mmezika na jibu. Zimebaki siku 6. Akianza kudondosha mate, sauti ya kubweka ikikwaruza, miguu ya nyuma ikilegea, au akishambulia mbao na mawe, msimkaribie, mpigieni daktari wa mifugo na mwarifuni afisa mifugo wa kata. Kwa dada wa kazi, wiki 5 zimepita na mbwa yuko hai, kwa hiyo jeraha lile halikubeba kichaa. Aulizwe kama alipata sindano ya pepopunda. Bobi naye achanjwe mara siku 10 zikiisha, kisha kila mwaka. Kampeni za chanjo za bure mara nyingi hufanyika karibu na 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kwa hiyo ulizieni ofisi ya kata.

Sasa Bobi mwenyewe. Katika barua yako kuna maneno mawili yanayonitia wasiwasi kuliko matundu mawili ya mkononi: "hata hangurumi".

Mbwa hupanda ngazi kabla ya kuuma. Chini kabisa anageuza uso, anajilamba pua na chakula hakipo, anapiga miayo na usingizi hana. Asiposikilizwa anakaza mwili, anafunga mdomo, na weupe wa jicho unaonekana pembeni kwa sababu anakutazama bila kugeuza kichwa. Halafu ananguruma. Halafu anatoa meno. Halafu anakata hewa kwa meno bila kugusa. Kuuma ndiyo mwisho wa ngazi. Kunguruma maana yake ni "nipishe", na mbwa anayenguruma bado anakupa nafasi ya kuondoka salama. Akichapwa kwa kunguruma, hofu iliyomfanya angurume inabaki pale pale, na sasa imeongezewa hofu ya fimbo. Anachojifunza ni kwamba kuonya kunaleta kipigo. Basi anaacha kuonya, na watu husema "anauma ghafla". Hakuna ghafla hapo. Vipandio vya katikati ndivyo vimeng'olewa.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, waliwauliza wenye mbwa waliowaleta kliniki kwa matatizo ya tabia ni njia gani walikuwa wameshajaribu na mbwa aliitikiaje. Kati ya waliowapiga kwa mkono au mateke, asilimia 43 walisema mbwa alijibu kwa ukali. Waliowageuza chali na kuwakandamiza, asilimia 31. Hawa ni watu wazima waliochagua kumkabili mbwa. Mtoto wa miaka 4 anayepita karibu dakika mbili baadaye hakuchagua.

Simlaumu mume wako. Amefuata kile ambacho wengi tumefundishwa, kwamba mbwa anataka kuwa mkubwa wa nyumba na lazima aonyeshwe nani mwenye nyumba. Wazo hilo lilitokana na uchunguzi wa Rudolf Schenkel, uliochapishwa 1947, wa mbwa mwitu (wolf kwa Kiingereza) waliofungiwa katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Walikuwa wamerundikwa pamoja bila pa kukimbilia, na wakapigana kama watakavyopigana viumbe wowote waliorundikwa hivyo. David Mech, mtafiti wa Kimarekani ambaye mwenyewe alisaidia kulieneza wazo hilo, alilisahihisha mwaka 1999 baada ya kuwatazama mbwa mwitu porini: kundi lao kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao. Bobi hapiganii cheo. Analinda sufuria kwa sababu ameshajua kwamba mkono ukija, chakula kinaondoka.

Na mnyororo? Kiumbe mwenye hofu ana njia mbili kubwa: kukimbia au kupigana. Mnyororo unamwondolea ya kwanza. Halafu kila siku bodaboda inapita, Bobi anabweka, bodaboda inaondoka. Muuza mboga anapita, anabweka, naye anaondoka. Wangeondoka hata angenyamaza, lakini yeye hajui. Kwa hesabu yake ameshinda mapambano mara ishirini au thelathini kila siku kwa miaka, na kila ushindi unamfundisha kuongeza nguvu. Siku mnyororo ulipokatika aliyekuwa mbele yake ni mtoto, na mazoezi alikuwa nayo tayari.

Kabla ya mafunzo yoyote aonekane na daktari wa mifugo, kwa sababu maumivu hugeuza mbwa mpole kuwa mkali, na hakuna mafunzo yanayotibu jino lililopasuka. Wengi wanakubali kuja nyumbani. Mwombe akague masikio mpaka ndani (kupe na usaha hujificha humo, na mbwa huuma mkono unaoelekea kichwani), meno, ngozi ya shingo chini ya kola ambako mnyororo hukata, na nyonga, kwa sababu German Shepherd na chotara wake hurithi ubovu wa nyonga. Aulize pia homa za kupe, na kama inawezekana apime tezi ya shingo (thairoidi). Mbwa mzima aliyebadilika ndani ya siku chache bila sababu ya kuonekana ni mgonjwa mpaka ithibitike vinginevyo. Bobi, kwa maelezo yako, amebadilika polepole, kwa hiyo natarajia sehemu kubwa iwe ni tabia aliyofundishwa bila kukusudia. Ila msiruke hatua hii.

Kwanza azuiwe kurudia

Kila akirudia kuuma anazidi kuwa hodari wa kuuma. Kwa hiyo mnyororo uondoke na banda lijengwe: angalau mita 2 kwa 3, wavu mzito wa kuchomelea, nguzo zilizozamishwa sentimita 50 kwenye zege, paa la kivuli, sakafu inayokauka, na maji yasiyopinduka. Upande unaotazama geti uzibwe kwa mabati au mbao hadi urefu wa mita 1.8. Watu hupuuza kuziba huku, na mimi naona ndiko kunakoleta nafuu ya haraka kuliko kitu kingine chochote, maana yale mapambano thelathini ya kila siku yanakoma siku hiyo hiyo. Mlango uwe na komeo mbili, ya juu mahali ambapo mtoto wa miaka 9 hafiki.

Kati ya Bobi na mtoto yeyote kuwe na vizuizi viwili wakati wote: banda na mlango wa uani, au kamba mkononi mwa mtu mzima na kikapu cha mdomoni. Kizuizi kimoja kikishindwa, kama mnyororo ulivyoshindwa, cha pili kiwepo. Watoto wako wasimpe chakula, wasimkumbatie, wasipitishe vidole kwenye wavu. "Nilikuwa hapo hapo namwangalia" si kizuizi. Meno ni mepesi kuliko macho yako.

Kikapu cha mdomoni ninachosema ni kile cha waya, mpira au plastiki ngumu chenye nafasi ya kutosha mbwa kufungua mdomo ndani, kuhema na kunywa maji. Kile cha kitambaa kinachobana mdomo kisitumike kwa zaidi ya dakika chache mikononi mwa daktari. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anapoza damu kwa kuhema, na kwa joto la Dar es Salaam mdomo uliobanwa unaweza kumuua. Pima urefu wa pua kutoka chini ya jicho hadi ncha, na ongeza sentimita 1. Usimvalishe kwa nguvu siku ya kwanza. Siku 2 weka kipande cha maini ndani, aingize pua mwenyewe na kuitoa. Siku 3 zinazofuata mpe vipande vitano mfululizo kupitia matundu pua ikiwa ndani. Kisha gusisha mkanda shingoni sekunde 1 bila kufunga, kisha funga sekunde 3, 10, 30, hadi dakika 10. Akianza kukikwangua kwa miguu umekwenda haraka, rudi hatua mbili. Kwa kawaida huchukua siku 10 hadi 14.

Sufuria la chakula

Acheni kabisa kumnyang'anya, na asitokee mtu wa kumwekea mkono ndani ya chakula "ili azoee". Ushauri huo umewang'atisha watu wengi. Kwa wiki 2 za kwanza ale ndani ya banda lililofungwa, peke yake, na sufuria litolewe baada ya yeye kuhamishwa upande mwingine.

Baada ya hapo mtu mzima mmoja aanze zoezi, akiwa nje ya wavu. Robo kilo ya maini yaliyochemshwa, ikikatwa vipande vya ukubwa wa punje ya maharage, inatoa zaidi ya vipande 200. Gawanya uigandishe, maana maini mengi kwa siku moja yatamharisha. Bobi akiwa anakula ugali wake wa kawaida, pita umbali wa mita 4, rusha vipande viwili karibu na sufuria, kisha ondoka. Ondoka kweli, usisimame kumtazama. Rudia mara 8 hadi 10 kwa mlo. Chakula kilichomo lazima kiwe duni kuliko kinachorushwa. Ukirusha ugali kwa mbwa anayekula nyama, umemsumbua bure.

Usihesabu siku, soma mwili. Siku ukikaribia naye anainua kichwa, mkia umelegea unayumba, anatazama mkono wako kwa kutarajia, hapo ndipo unasogea sentimita 30. Milo miwili safi, sentimita 30 nyingine. Akianza kula kwa pupa, akaganda, akafunika sufuria kwa kichwa au ukaona ule weupe wa jicho, rudi nyuma mita nzima. Nimeandika mita, si sentimita, kwa sababu kosa la kurudi mbali halina hasara, lakini kosa la kubaki karibu linafuta kazi ya wiki.

Mwisho wa zoezi hili ni kusimama kando ya wavu naye amelegea. Hakuna haja ya kufika mahali mtu anachukua sufuria mdomoni mwa mbwa. Kama kuna kitu lazima atoe, kwa mfano kiatu cha mtoto, mnabadilishana: vipande vitano vinatupwa mita 3 kando, anavifuata, mlango unafungwa, kiatu kinachukuliwa. Mifupa apewe ndani ya banda lililofungwa tu, na mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe kabisa kwa sababu hupasuka vipande vyenye ncha.

Geti na wageni

Hapa kazi ni kubadilisha kile ambacho sauti ya geti inamtabiria. Ivan Pavlov, Mrusi, alionyesha zaidi ya miaka mia moja iliyopita kwamba mbwa huanza kutoa mate kwa sauti inayotangulia chakula. Siri iko kwenye neno "inayotangulia". Geti kwanza, nyama baadaye. Mkitoa nyama kwanza ndipo hodi igongwe, mnamfundisha kwamba nyama ni dalili ya mgeni, na mtashangaa anakataa hata maini.

Rekodi kwa simu mlio wa geti lenu na mtu akipiga hodi. Bobi akiwa ametulia ndani ya banda, piga sauti hiyo kwa kiwango cha chini kabisa. Hesabu moja, kisha toa vipande vitatu kimoja kimoja. Mara 10, dakika 5, asubuhi na jioni. Akisikia na kukugeukia wewe badala ya geti, ongeza sauti kidogo. Hatua ya pili, taja neno "Bandani!" mara baada ya mlio, na tupa vipande kwenye kona ya nyuma ya banda. Hatua ya tatu, Bobi akiwa nje kwa kamba ya mita 2, mita 3 kutoka mlango wa banda: mlio, "Bandani!", akiingia anapata vipande kumi na mlango unafungwa. Hatua ya nne ni geti la kweli, likigongwa na mtu wa nyumbani. Mgeni wa kweli ni hatua ya tano, na Bobi anavaa kikapu. Nyumba nyingi hufika hatua ya nne kati ya wiki ya 4 na ya 8.

Kumzoesha kuona watu ni zoezi jingine, na linahitaji watu wazima wawili. Mmoja anashika kamba iliyofungwa kwenye mkanda wa kifuani, si shingoni, kwa sababu kukabwa shingo kila mtu anapotokea ni adhabu nyingine ya kuona watu. Wa pili anajitokeza mbali, umbali ambao Bobi anamwona na bado anakula maini kwa utulivu. Mtu anaonekana, nyama inakuja. Mtu anajificha, nyama inakoma. Kama uwanja wenu ni mdogo, nendeni kiwanja cha wazi saa 12 asubuhi kabla watu hawajawa wengi, au punguzeni muda badala ya umbali: msaidizi aonekane kwenye upenyo wa geti kwa sekunde 3 tu. Mbwa anapokataa chakula anachokipenda, mmekwishapita mpaka wake, na anachojifunza hapo ni hofu tu. Geukeni na muondoke naye.

Msaidizi asimpe Bobi nyama kwa mkono wake. Linaonekana jambo jema, na ni moja ya njia za haraka za kung'atwa. Mbwa mwenye hofu husogea kwa ajili ya nyama, anaimaliza, kisha anainua kichwa na kukuta yuko sentimita 20 kutoka kwa mtu anayemwogopa. Nyama itoke kwa mshika kamba, na msaidizi asimame kwa ubavu bila kumkazia macho.

Jambo jingine la kuweka akilini ni kwamba mihemko hujumlishana. Mbwa aliyestushwa na radi asubuhi, akapigwa sindano mchana, atauma jioni kwa kitu ambacho jana alikivumilia. Baada ya siku ngumu mpeni siku 2 au 3 za kimya bila mazoezi. Na kila siku apate kazi ya pua: nusu ya chakula chake imwagwe kwenye majani ndani ya uzio, atafute punje kwa punje. Dakika 15 za kunusa zinamtuliza kuliko saa nzima ya kuruka kwenye wavu.

Kuhusu kuhasi: kunapunguza kuzurura kufuata majike na ugomvi wa madume kwa madume. Ukali wa hofu na wa kulinda chakula hakuuondoi, na kuna mbwa waoga waliozidi kuwa waoga baada ya kuhasiwa. Mkiamua, afanye daktari wa mifugo kwa dawa ya usingizi. Mhasi mbuzi asiguse mbwa. Dawa za kutuliza hofu zipo, kama fluoksetini, hutolewa na daktari kwa uzito wa mbwa na huchukua wiki 4 hadi 6 kufanya kazi, pamoja na mafunzo. Msimpe vidonge vya binadamu kwa kukisia. Dawa za kulewesha nazo zinalegeza misuli na kuacha hofu ilivyo. Pilipili, bangi au pombe za "kumkaza mbwa" ni mateso tu.

Je, atalinda? Ndiyo. Mwizi anakwepa nyumba inayobweka, na hakuna zoezi hata moja hapo juu linaloondoa kubweka. Bobi atabweka mara kadhaa, mtaamka, mtawasha taa. Mbwa asiyebagua mwizi na mtoto anayefuata mpira hajawahi kuwa mlinzi.

Atabadilika kiasi gani? Ian Dunbar, daktari wa wanyama na mtaalamu wa tabia, alipanga majeraha ya mbwa katika ngazi 6. Ya 1 ni vitisho bila kugusa, ya 2 ni meno kugusa ngozi bila kutoboa, ya 3 ni tundu moja hadi manne kwa kuuma mara moja, yasiyozidi nusu ya urefu wa jino la chonge, ya 4 ni tundu lililozama zaidi ya hapo, ya 5 ni kuuma mara nyingi kwa kina cha ngazi ya 4, ya 6 ni kifo. Kwa ulivyoeleza, mkono wa dada uko ngazi ya 3 kama matundu hayakuwa ya kina, na mguu wa mtoto ni wa 2 au mwanzo wa 3. Mbwa wa ngazi ya 3 wanarekebishika katika nyumba yenye nidhamu ya milango. Ya 4 na kuendelea, katika nyumba yenye mtoto wa miaka 4, nisingewashauri kuendelea naye.

Andika daftari: tarehe, saa, nani alikuwepo, umbali, alifanya nini kwanza. Baada ya wiki 8 lisome. Kama kunguruma kumerudi, furahini, ngazi inajijenga upya, na mtu asimkemee. Kama anauma kwa kina zaidi, au mmeshindwa kutunza vizuizi viwili kwa uaminifu, basi si salama kwenu. Kumpa mtu wa shamba bila kumweleza yote ni kumhamishia jeraha. Ikibidi auawe, afanye daktari wa mifugo kwa sindano, akiwa ametulizwa. Si sumu, si rungu.

La mwisho ni dada wa kazi. Mara nyingi anayelisha mbwa ndiye asiye na sauti ya kukataa, na akiogopa huficha jeraha dogo la kung'atwa ili asilaumiwe, nanyi mnapoteza habari mnayoihitaji kuliko zote. Msimwamrishe kurudi kwenye banda. Kazi ya chakula ichukuliwe na wewe au mume wako, gharama ya hospitali yake mlipe ninyi, na mwambieni wazi kwamba kila tukio alitaje siku hiyo hiyo. Akitaka kushiriki mazoezi baadaye, aanze yeye mwenyewe na umbali autakao. Na kama hataki kabisa, mpangilio wa nyumba ufuate hilo.